Chujio Halijui Pumba

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet: kompyuta zinazopelekeana ujumbe bila makao makuu. Ujumbe ulipozidi, mwaka 1987 makundi ya mijadala yalipangwa upya chini ya matawi saba. Msomaji naye aliweza kuorodhesha majina na mada asizotaka kuziona.

Mastodon, iliyoanza 2016, imerithi desturi hiyo: alama ya # hukusanya, chujio huficha.

Baba alipofariki, nilichuja neno "msiba". Wiki tatu baadaye nililiondoa chujio. Rambirambi za marafiki zikajitokeza, zote hazijajibiwa. Chujio halitofautishi pumba na mchele. Linajua neno tu.