Krismasi ya Boney M.: Wimbo wa Mjukuu wa Watumwa, Sauti ya Binti wa Jamaika

Desemba ikiingia, Boney M. hurudi. Hupigwa redioni, madukani na kwenye mabasi yanayowapeleka watu makwao kwa sikukuu, na wengi wanaozijua nyimbo hizo kwa moyo huamini kwamba ni za Wazungu tangu shina hadi tawi. Asili yake ni nyingine, na inastahili kusimuliwa.

Wimbo uliotangulia albamu yao ya Krismasi, Mary's Boy Child, ulitungwa na Jester Hairston, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1901, mjukuu wa watumwa. Hairston alikuwa mwalimu wa kwaya na bingwa wa kupanga sauti za nyimbo za kiroho za watu wake. Katika filamu Lilies of the Field ya 1963, Sidney Poitier anapoonekana akiimba Amen, sauti tunayoisikia ni ya Hairston. Mahadhi ya Mary's Boy Child aliyatunga kwanza kwa mtindo wa kalipso, kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, wala hayakuhusu Krismasi hata kidogo. Baadaye kiongozi wa kwaya, Walter Schumann, alipomwomba wimbo wa Noeli, akayachukua mahadhi yaleyale na kuyatilia habari za Bethlehemu. Harry Belafonte, Mmarekani mwenye asili ya Jamaika, aliurekodi mwaka 1956. Mwaka uliofuata ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na kuuza nakala zaidi ya milioni moja huko.

Hapo ndipo anapoingia Frank Farian, mtayarishaji wa muziki wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1975 alitoa santuri kwa jina la Boney M. ambayo sauti zake aliziimba mwenyewe. Ilipopendwa, akahitaji watu wa kupanda jukwaani: Liz Mitchell na Marcia Barrett, wazaliwa wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba. Studioni waliimba Mitchell, Barrett na Farian. Ile sauti nene ya kiume ambayo Farrell aliifuatisha kwa midomo huku akicheza kwa nguvu zake zote, ilikuwa ya Farian.

Mwishoni mwa 1978 Farian aliuchukua wimbo wa Hairston na kuuunganisha na Oh My Lord, alioutunga pamoja na Fred Jay. Usikilize kwa makini: nyimbo hizo mbili zinapokezana, na shangwe ya Oh My Lord inajibu habari njema kama waumini wanavyomjibu mhubiri. Ulikaa kileleni Uingereza wiki nne, Krismasi ikiwemo, ukauza huko nakala zaidi ya milioni 1.8.

Christmas Album yenyewe ilitoka Novemba 1981, wakati kundi limeanza kuyumba. Farrell alikuwa ameondolewa mwaka huohuo. Nafasi yake ilikuja kushikwa na Reggie Tsiboe, mzaliwa wa Ghana. Nyimbo zilikusanywa kutoka pande nyingi: Little Drummer Boy ya Katherine Davis, Feliz Navidad ya José Feliciano, Petit Papa Noël ya Kifaransa, na Zion's Daughter, ambayo mahadhi yake ni ya Handel. Mkusanyiko wa namna hiyo ungeweza kuwa vurugu. Kwa maoni yangu, kilichouokoa ni Liz Mitchell. Anaimba maneno yakisikika moja moja, bila madoido, kama mtu aliyezoea kuimba ibadani.

Nasi tumo katika historia hii. Mwaka huohuo wa 1981, Boney M. walitoa Malaika kwa Kiswahili, wimbo ambao rekodi ya Fadhili William wa Kenya iliutangaza mapema miaka ya 1960. Belafonte naye alikuwa ameuimba pamoja na Miriam Makeba katika albamu yao ya 1965. Waliotuletea Mary's Boy Child ndio hao hao waliokuja kuchota kwetu.

Watangazaji wetu wa redio, Desemba hii mkiupiga wimbo huo, msiishie kutaja Boney M. Tajeni pia jina la Jester Hairston aliyeutunga, na la Liz Mitchell aliyeuimba.