Sukari ya Shangazi

Mkebe ulikaa juu ya friji ya shangazi, kando ya dawa za hospitali. Aliyemuuzia alimwambia ati hiyo poda ni sukari inayofundisha seli kuongea, na saratani ya titi itaondoka yenyewe. Mimi niliacha biokemia mwaka wa pili, lakini neno moja lilikuwa limenibaki: glikosilesheni. Nikarudi kusoma.

Kusema ukweli, muuzaji hakuanzia kwa uongo. Seli huvisha protini zake minyororo ya sukari, na kwenye saratani mavazi hayo hubadilika. Mwaka 1998, madaktari Ujerumani waliandika kuhusu mtoto aliyepungukiwa na kimeng'enya kiitwacho PMI, ambacho husaidia mwili kutengeneza sukari ya manosi kutokana na glukosi. Protini zake zilikosa mavazi, akawa anavuja damu tumboni. Walimpa manosi anywe, akapata nafuu. Sukari tu, hebu fikiria!

Biashara nayo haikulala. Mwaka 2007, jimbo la Texas, Marekani, liliishtaki kampuni iliyouza poda za sukari, likisema wauzaji wake walizinadi kama tiba ya magonjwa, saratani ikiwemo. Kesi ilipomalizika mwaka 2009, kampuni ilikubali kurudishia wateja dola milioni 4.

Halafu mwaka 2018, watafiti wa Glasgow, Uskoti, waliwapa manosi panya wenye saratani. Uvimbe ulikua polepole, na kemo ikafanya kazi vizuri zaidi. Lakini si kila uvimbe. Siri ilikuwa PMI, kimeng'enya kile kile cha yule mtoto. Penye PMI kidogo, manosi hurundikana ndani ya seli na kuizuia kutumia glukosi. Penye PMI nyingi, seli huila tu kama chakula. Wagonjwa walionywa wasijinunulie.

Nilimsimulia shangazi yote hayo jioni moja, manake alikuwa anataka kuruka kemo moja ili anunue mkebe mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mimi hiyo PMI yangu ni ngapi?"

"Sijui, shangazi. Hakuna aliyeipima. Hata aliyekuuzia hajui."

Alinyamaza kidogo, akaniambia nimshushie mkebe. Siku ya kliniki tulienda nao kwenye mkoba. Daktari alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba upo.