Bipola: ugonjwa mmoja wenye majira mengi

Katika makanisa yetu tuna desturi ya kumhukumu mtu kwa hali tuliyomwona nayo mara ya mwisho. Kijana anahubiri usiku kucha bila kuchoka, tunasema amejazwa Roho. Miezi michache baadaye hatoki kitandani, tunasema amerudi nyuma katika imani. Akirudi kwenye kwaya akiwa ametulia, tunapiga vigelegele kwamba amepona, naye anaacha dawa. Huenda hali hizo tatu ni ugonjwa mmoja unaoitwa bipola. Tunapenda kueleza hapa jinsi dalili zake zinavyobadilika, ili tusimpoteze mtu kwa kutojua.

Ugonjwa wenyewe

Bipola ni ugonjwa unaogusa hisia, nguvu, usingizi na mawazo. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani waliishi nao. Si laana wala adhabu ya dhambi. Kwa sehemu hurithiwa, ndiyo maana huonekana mara kwa mara katika jamaa moja.

Una pande mbili. Upande wa kupanda huitwa mania. Kwa wiki moja au zaidi mtu halali ila saa mbili au tatu, lakini hasikii uchovu. Anasema haraka, ana mipango mikubwa, anakopa na kugawa pesa, anaweza kuuza kiwanja cha familia kwa bei ya hasara. Ukimpinga, anakasirika. Wengine husadiki kwamba wamepewa utume usiopewa mtu mwingine.

Upande wa kushuka ni huzuni nzito ya wiki mbili au zaidi: hakuna furaha, hakuna nguvu, chakula hakina ladha, mtu anajiona hana thamani. Kuna pia kupanda kudogo, kwa siku nne hivi, ambako watu wengi hukuona kama bidii tu. Na kuna nyakati pande zote mbili hukutana: huzuni ya kutaka kufa pamoja na nguvu nyingi za mania. Hapo hatari ni kubwa sana.

Mwanzoni

Kwa wengi ugonjwa huanza kati ya ujana na miaka 25. Mara nyingi huanza kwa huzuni, si kwa mania. Kwa hiyo hata daktari anaweza kuona huzuni peke yake, na dawa ya huzuni ikitolewa bila nyingine inaweza kumsukuma mgonjwa kwenye mania. Ni vizuri familia imwambie daktari historia yote, hata zile siku ambazo mtu alikuwa na furaha na nguvu kupita kiasi. Wagonjwa wengi hukaa miaka mingi kabla ya ugonjwa wao kutambuliwa.

Miaka ikipita

Mania isiyotibiwa inaweza kudumu miezi mitatu hadi sita, na huzuni hata mwaka. Katikati huja utulivu. Kwa baadhi ya wagonjwa, utulivu wa kwanza ni mrefu, kisha vipindi vinakaribiana. Wengine hupata vipindi vinne au zaidi kwa mwaka mmoja.

Kadiri miaka inavyokwenda, kwa wengi siku za huzuni huzidi sana siku za mania. Hapo ndipo tunakosea. Mania ina kelele, mtaa wote unajua, huzuni haina kelele, na nyumbani wanasema, «Sasa ametulia.» Lakini hatari ya kujiua iko sana katika ukimya huo. Hata katikati ya vipindi, wengine hubaki na usahaulifu na shida ya kukaza mawazo kazini. Si uvivu.

Mtu akipata mania kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, daktari atafute kwanza ugonjwa mwingine mwilini au madhara ya dawa.

Kinachoamsha ugonjwa

Kukosa usingizi ni mlango mkubwa. Kwetu mashariki, watu wamekimbia vita usiku, wamelala nje, wameacha dawa nyumbani. Mama mwenye ugonjwa huu yuko hatarini zaidi majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Na tuseme ukweli: mkesha wa maombi wa usiku tatu mfululizo unaweza kumwangusha mwenye bipola. Anayetumia lithiamu asifunge bila kunywa maji, kwa sababu maji yakipungua mwilini dawa hiyo inaweza kuwa sumu.

Lithiamu ilijulikana kwa kutuliza mania tangu mwaka 1949, kwa kazi ya daktari John Cade wa Australia. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Ziko dawa nyingine pia, kama valproati, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke aongee na daktari mapema. Kuacha dawa ghafla huurudisha ugonjwa, mara nyingi kwa nguvu.

Kazi ya kanisa

Tusimfunge mgonjwa kamba wala kumpiga katika chumba cha maombi. Tumsindikize kwenye kituo cha afya, au kwa wataalamu kama wale wa SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma. Wakati ametulia, tukae naye na jamaa yake, tuandike katika daftari dalili zake za kwanza: usingizi umepungua, simu za usiku, mikopo, au ameacha kuoga, ameacha kusalimia. Tukubaliane nani ataitwa dalili hizo zikionekana. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tukumbuke Eliya chini ya mti, akiomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha safari ikaendelea. Basi ndugu yetu akipata siku njema, tumshukuru Mungu pamoja naye, na jioni tumkumbushe kumeza dawa yake.