Kibao cha Bei

Miongoni mwa vyombo vya biashara, hakuna kinachotazamwa na watu wengi na kufikiriwa na wachache kama kibao cha bei. Kibaba na pishi vimeingia katika methali, mizani imekuwa mfano wa haki, na hata sanduku la fedha lina heshima yake. Lakini kibao kile chenye jina la bidhaa na tarakimu ziwezazo kuondolewa na kubadilishwa hakina msemaji. Hata hivyo kina historia, nayo ni historia ya ugomvi juu ya swali moja: ni nani mwenye haki ya kugeuza tarakimu?

Chaani, katika sehemu ya Changamwe, bara ya Mombasa, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Si mbali na hapo kiko kiwanda cha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Upande wa bahari ni Kipevu, ambako meli za mafuta hupakuliwa, na kutoka upande huo ndipo bomba lilipolazwa hata likafika Nairobi mwaka 1978. Mkaaji wa Chaani, basi, huyaona mafuta yakiingia nchini kabla ya Wakenya wengine wengi. Bei yake, hata hivyo, huisoma kama wao, juu ya kibao cha kituo cha petroli.

Zamani katika maduka na masoko ya pwani kibao cha namna hii kisingekuwa na kazi. Bei haikuwapo mpaka watu wawili wakutane. Muuzaji alitaja, mnunuzi akakata, muuzaji akaapa kuwa anapata hasara, mnunuzi akageuka kama aendaye zake, akaitwa, hatimaye wakapatana. Wako waliouita mtindo huu udanganyifu, na wako wausifuo kuwa ni urafiki. Kwa maoni yangu haukuwa lolote katika hayo mawili. Aliyejua soko hakuonewa. Aliyeonewa ni mgeni, mtoto aliyetumwa, na maskini asiyekuwa na nafasi ya kuzunguka duka hata duka. Wauza mboga nao wana njia yao ya tangu zamani, ambayo haijatoka masokoni hata leo: bei ya fungu la nyanya hubaki ile ile, na fungu lenyewe ndilo hukua au kupungua. Hapo hapana tarakimu ya kugeuzwa, maana kinachogeuzwa ni nyanya.

Kuandika bei moja kwa watu wote ni jambo lililoanza katika nchi mbalimbali. Huko Japani, Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa katika mji wa Edo mwaka 1673, na duka hilo likapata sifa kwa kuuza kwa fedha taslimu na kwa bei isiyopatanwa. Huko Uingereza, Wakristo waitwao Quaker waliona kuwa kutaja bei ya juu huku moyoni unakusudia kupokea ya chini ni kusema uongo, wakakataa kufanya hivyo. Huko Paris, Aristide Boucicaut aliingia katika duka la Bon Marché mwaka 1852 akalikuza kwa bei zilizoandikwa wazi. Maduka yalipokuwa makubwa, hapakuwa na njia nyingine. Mwenye mali aliweza kupatana na wateja wake mwenyewe, lakini hakuweza kuwaachia vijana mia wa kuajiriwa wapatane kwa niaba yake. Kwa hiyo haki ya kutaja bei ilitoka mikononi mwa watu wawili ikakaa mkononi mwa mmoja, yaani mwenye duka.

Haikukaa huko kwa raha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili bidhaa zilikuwa haba na serikali ya kikoloni katika Kenya ilianza kuweka mipaka ya bei. Mombasa iliona mateso ya wakati huo kuliko miji mingi. Bei zilipanda, mishahara ya wapagazi wa bandarini na ya wafanyakazi wa reli haikuzifuata, hata mwaka 1945 kamati iliyoongozwa na Arthur Phillips ikachunguza manung'uniko ya wafanyakazi wa mji huu. Tarehe 13 Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi waligoma, na kwa siku kadhaa bandari na mji mzima vikasimama. Mtu asidhani kuwa mgomo ule ulihusu mshahara peke yake. Mshahara ni tarakimu moja, na bei ya unga na ya chumba ni tarakimu nyingine. Kilichowachosha watu ni kuona ya pili ikigeuzwa kila mara na ya kwanza imepigiliwa misumari.

Sheria ya Kudhibiti Bei iliyotungwa mwaka 1956 ilirithiwa na serikali huru, na kwa muda wa miaka mingi Waziri ndiye aliyetangaza bei ya juu kabisa ya vyakula na vitu vingi vingine. Tanzania iliunda Tume yake ya Bei mwaka 1973. Nia ilikuwa njema, lakini kibao hakiwezi kujaza rafu. Bei halali ilipokuwa chini ya gharama, bidhaa ilitoroka dukani ikaingia katika magendo, na mnunuzi akasoma tarakimu nzuri juu ya mahali patupu. Katika Tanzania jambo hili lilifika mwaka 1983 kwenye msako mkubwa wa walanguzi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine.

Kenya iliondoa udhibiti wa bei ya mafuta mwaka 1994, kila kampuni ikawa na hiari ya kuandika itakalo. Hiari hiyo ilidumu miaka kumi na sita. Tangu Desemba 2010 bei ya juu imekuwa ikitangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, kwanza na Tume ya Kudhibiti Kawi, na tangu mwaka 2019 na Mamlaka iliyoirithi. Usiku wa kuamkia tarehe 15 mtumishi wa kituo hugeuza tarakimu ambazo tajiri wake hakuzichagua. Bei ya Mombasa huwa chini ya ile ya Nairobi kwa shilingi chache, kwa sababu gharama za bomba hazimo. Hiyo ndiyo faida anayoipata mkaaji wa Chaani kwa kukaa jirani na meli. Si kubwa. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwazuia matapeli waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, na aliyewasha jiko kwa mafuta hayo akalipia hila asiyoifanya.

Chombo chenyewe kina ubunifu wa kupendeza. Baadhi ya vibao vya zamani vilikuwa na mifereji ya kutelezeshea bamba lenye tarakimu. Vingine vina umbo la nane lenye vipande saba; ukifunika baadhi ya vipande na kufunua vingine, wapata tarakimu zote kumi. Leo vingi vyawaka kwa umeme. Lakini kila chombo kina mpaka uliowekwa na matumaini ya mtengenezaji wake. Mwaka 1979 huko Marekani petroli ilipovuka dola moja kwa galoni, pampu nyingi za zamani hazikuwa na nafasi ya tarakimu hiyo, na wenye vituo wakapiga hesabu ya nusu galoni, kisha wakaizidisha kwa mbili.

Huku kwetu nafasi ilikuwapo. Septemba 2023 petroli ilitangazwa kuwa shilingi 211.64 kwa lita huko Nairobi, na Mombasa ikapungua kwa shilingi tatu hivi. Kwa mara ya kwanza tarakimu ya kushoto, iliyokuwa moja, iligeuka kuwa mbili. Katika kibao cha vipande saba, kazi hiyo ni ya kufunika kipande kimoja na kufunua vinne.