Vikokotoo vya grafu: Hatua za aljebra hubaki mikononi mwa mwanafunzi

KIKOKOTOO cha grafu ni chombo cha mkononi chenye skrini pana ya kuonyesha mchoro wa mlinganyo pamoja na mistari kadhaa ya hesabu. Cha kwanza kuuzwa madukani kilikuwa fx-7000G cha kampuni ya Casio ya Japani, mwaka 1985.

Hata hivyo, kuchora grafu si sawa na kutatua aljebra. Vikokotoo kama TI-83 na TI-84 vya kampuni ya Texas Instruments ya Marekani hushughulikia tarakimu. Vikitakiwa kutafuta thamani ya x, huanza na kadirio, hulisahihisha mara nyingi kwa kasi, kisha hutoa nambari. Havionyeshi njia.

Kuna vingine vinavyoweza kushughulikia herufi zenyewe. HP-28C ilifungua njia hiyo mwaka 1987, ikafuatwa na TI-92 mwaka 1995 na TI-89 mwaka 1998. Kikiagizwa kutafuta vigawo vya x² – 5x + 6, chombo cha aina hii huandika (x – 3)(x – 2).

Tatizo ni kwamba agizo la kutatua mlinganyo hutoa jibu papo hapo, bila kueleza limetoka wapi. Mwanafunzi anayetaka kuziona hatua hulazimika kuziagiza mwenyewe.

Chukua mfano wa 3x + 7 = 22. Kwenye TI-89, mwanafunzi huandika mlinganyo wote na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Kisha huagiza 7 itolewe, na skrini huonyesha 3x = 15. Akiagiza kugawanya kwa 3, hupata x = 5. Mwishowe hurudisha 5 mahali pa x ili kuthibitisha: 15 na 7 ni 22.

Programu ya Symbolic Math Guide, iliyoundwa kwa ajili ya TI-89 na TI-92 Plus, ilifuata utaratibu huo. Mwanafunzi alichagua hatua katika orodha, nayo programu ikaitekeleza.

Lakini chombo kutekeleza hatua si ithibati kwamba hatua hiyo inafaa. Anayegawanya pande zote mbili za x² = 5x kwa x hupata x = 5, na bila kujua hupoteza jibu la pili, yaani 0. Njia salama ni kuhamisha 5x, kupata x² – 5x = 0, kisha kutafuta vigawo: x(x – 5) = 0. Hapo majibu yote mawili hujitokeza.

Ndiyo maana baadhi ya mitihani huviwekea mipaka vyombo hivi. Nchini Marekani, mtihani wa ACT hauruhusu vikokotoo vyenye mfumo wa kutatua aljebra. Humu nchini, maagizo ya karatasi za Hisabati za KCSE yamekuwa yakiruhusu tu vikokotoo visivyopiga kelele na visivyoweza kuwekewa programu.

Maagizo hayo pia humtaka mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na kusema kuwa alama zaweza kutolewa kwa njia sahihi hata jibu likiwa na kosa. Aliyezoea kusomewa jibu na mashine huingia katika chumba cha mtihani mikono mitupu. Aliyeitumia kukagua kila hatua aliyoandika kwa kalamu huwa na njia ya kuonyesha, mashine iwepo au isiwepo.