Cheti cha Kifo cha Mtoto na Jina la Mama: Familia ya Harriet E. Wilson kama Ushahidi wa Kihistoria

Wasifu wa waandishi wa kike wa Marekani wa karne ya 19 umejengwa aghalabu juu ya barua, shajara na kumbukumbu za jamaa. Harriet Beecher Stowe, kwa mfano, alikuwa binti wa mhubiri Lyman Beecher. Baba, ndugu na mume wake walikuwa watu wa kuandika, na maandishi yao yakahifadhiwa. Kwa hiyo, mtafiti wa maisha yake hupungukiwa muda kabla ya kupungukiwa nyaraka. Hali ya Harriet E. Wilson, mwanamke Mweusi wa New Hampshire, ni kinyume kabisa. Makala haya yanadai kwamba Wilson alirudishwa katika historia si na hazina ya maandishi ya familia, bali na sajili za umma zilizoandika umaskini na msiba wa familia hiyo. Aidha, yanadai kwamba jambo hilo linamtaka mwanahistoria awe mwangalifu katika namna anavyozisoma sajili hizo.

Riwaya ya Wilson, Our Nig, ilichapishwa Boston mwaka 1859. Inahesabiwa na wataalamu wengi kuwa riwaya ya kwanza ya mwanamke Mweusi kuchapishwa nchini Marekani. Jina lenyewe ni tusi ambalo mhusika mkuu, Frado, anabandikwa na familia ya Wazungu anayoitumikia. Baba yake Frado ni Mweusi na mama yake ni Mzungu. Baba anapofariki, mama anamtelekeza binti katika nyumba ya akina Bellmont, ambako anafanyishwa kazi nzito na kupigwa hadi afya yake inavunjika. Jambo linaloipa riwaya hiyo uzito wa pekee ni mahali inapotendeka: si katika mashamba ya watumwa ya Kusini, bali katika Kaskazini iliyojiita huru.

Maisha ya mwandishi yanakaribiana sana na hayo. Harriet Adams alizaliwa Milford, New Hampshire, na akiwa mtoto aliachwa katika nyumba ya mkulima Nehemiah Hayward, akatumikia humo mpaka alipofikia utu uzima. Tarehe ya kuzaliwa inayokubalika sasa ni 15 Machi 1825, ilhali sensa ya mwaka 1850 inampa umri wa miaka 22. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtafiti: hata umri wa mtumishi maskini uliandikwa kwa kukisia. Mwaka 1851 aliolewa na Thomas Wilson, na mwaka uliofuata, ndio mwaka riwaya ya Stowe ya Uncle Tom's Cabin ilipotoka kwa mfumo wa kitabu, akamzaa George Mason Wilson katika shamba la mafukara la wilaya, huko Goffstown. Mume hakudumu naye, na mzigo wa kumlea mtoto ukabaki mabegani mwa mama mgonjwa.

Katika dibaji ya kitabu chake, Wilson anaeleza wazi kwamba anaandika ili apate riziki ya kujikimu yeye na mwanawe, na anawaomba ndugu zake Weusi wamuunge mkono kwa kukinunua. Kwa hiyo, kwa mwandishi huyu, uandishi na ulezi vilikuwa kazi moja. Kazi hiyo haikumwokoa mtoto. George alifariki Milford mwezi Februari 1860 kwa homa, akiwa na umri wa miaka 7, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka.

Baada ya hapo riwaya ilisahaulika. Wachache walioijua katika karne ya 20 walielekea kudhani kwamba mwandishi wake alikuwa Mzungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Henry Louis Gates, Mdogo, alianza kuchunguza suala hilo, na kitabu kikachapishwa upya mwaka 1983. Miongoni mwa ushahidi uliotumika, cheti cha kifo cha George kilikuwa na nafasi ya pekee: kilitaja rangi ya mtoto kuwa Mweusi na kumhusisha na mama aliyetajwa katika kitabu. Ombi lililoandikwa ili mtoto aishi lilithibitishwa na hati ya kifo chake.

Hata hivyo, ushahidi huo una mipaka. Karani wa mji aliandika gharama, rangi, umri na maradhi. Hakuandika uchungu, akili wala nia. Riwaya nayo haiwezi kuchukuliwa kama hati ya kiapo. Utafiti wa Barbara White, uliowatambua akina Hayward kuwa ndio waliofichwa nyuma ya jina la Bellmont, unaonyesha faida ya kuvisoma vyanzo hivyo viwili kwa pamoja. Akina Hayward walikuwa na unasaba na akina Hutchinson wa Milford, waimbaji mashuhuri waliopinga utumwa. Katika mazingira hayo, inaelekea kwamba kitabu kilichoianika dhuluma ndani ya nyumba za Kaskazini hakikuwa rahisi kutetewa na wapinzani wa utumwa. Wilson mwenyewe anadokeza katika dibaji kwamba ameyaacha mambo ambayo yangewaaibisha.

Tafiti za baadaye zimeongeza jambo muhimu: maisha ya Wilson hayakuishia kaburini mwa mwanawe. Alihamia Boston, akajulikana miongoni mwa watu walioamini mawasiliano na roho za wafu, akahutubia hadharani, na akaolewa tena mwaka 1870 na John Gallatin Robinson. Alifariki Quincy, Massachusetts, tarehe 28 Juni 1900. Mtafiti ambaye angetosheka na sajili za mafukara angemwacha Milford akiwa mhitaji na mama aliyefiwa, na kuikosa miaka 40 ya mwanamke aliyejipatia jukwaa na wasikilizaji. Sajili za umaskini zilimtambulisha Wilson. Hazipaswi kuachiwa kuwa kauli ya mwisho juu yake.