Daftari la Kuluva na Tabaka la Kauri: Historia ya Taya, Mfupa na Kumbukumbu za Tiba West Nile

1. Utangulizi

Historia ya vipandikizi vya metali katika meno na mifupa huandikwa kwa kawaida kama historia ya maabara za Ulaya na Marekani. Katika masimulizi hayo, Arua na Koboko hazitajwi. Makala hii inadai kwamba thamani ya tabaka la kauri linalopakwa juu ya metali haithibitishwi na maabara pekee, bali na miaka mingi ya kuwafuatilia wagonjwa. Aidha, inaonesha kwamba kazi ya ufuatiliaji wa namna hiyo ilikwisha kufanyika West Nile miongo miwili kabla ya nyonga yenye tabaka hilo kuwekwa mwilini mwa mgonjwa.

2. Metali Inavyoungana na Mfupa

Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua kwamba kifaa cha titani alichokiweka katika mfupa wa sungura hakikuweza kung'olewa, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimpandikizia Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, mizizi ya titani ya kushikilia meno. Mizizi hiyo ilimtumikia kwa zaidi ya miaka 40.

Titani hiyo haikuwa na kauri. Wazo la kauri inayoungana na mfupa lina asili nyingine. Mwaka 1967, Larry Hench alikutana ndani ya basi na afisa wa jeshi la Marekani aliyerejea kutoka Vietnam, ambaye alimwuliza kama kuna kitu ambacho mwili usingekikataa. Mwaka 1969, huko Florida, Hench alitengeneza kioo cha silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Kikiwa mwilini, uso wake huota madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Hata hivyo, kioo ni chepesi kuvunjika, na hakiwezi kubeba uzito ambao paja hubeba. Ndipo ikaonekana busara kugawa kazi: metali ibebe uzito, kauri ivute mfupa. Katika miaka ya 1980, unga wa haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti, uliyeyushwa katika mwali wa plazma na kurushwa juu ya metali. Mwaka 1985, jijini London, Ronald Furlong aliweka nyonga bandia yenye tabaka hilo.

Tabaka hilo lina udhaifu wake: laweza kuyeyuka polepole au kubanduka. Mwaka 2010, uchambuzi wa rejista ya nyonga ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1979, ulihusisha nyonga zaidi ya 8,000. Ulionesha kwamba vikombe vya nyonga vilivyopakwa haidroksiapataiti vilihitaji kufanyiwa upasuaji wa marudio mara nyingi zaidi kuliko vile visivyopakwa. Jambo hilo lilifichuliwa na rejista, si na maabara.

3. Taya za Watoto na Daftari la Kuluva

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya saratani hiyo, ambayo hulegeza meno na kuharibu mfupa wa taya. Mwishoni mwa 1961, yeye, Cliff Nelson na Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva iliyo kusini mwa mji wa Arua, walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali.

Williams aliporudi Kuluva, aliendelea kuandika habari za kila mtoto mgonjwa: alitoka wapi, na aliugua lini. Kutokana na kumbukumbu hizo, mwaka 1967 yeye, Malcolm Pike na mwenzao mwingine walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa West Nile wa 1961 hadi 1965, wakionesha kwamba ugonjwa ulijitokeza kwa mafungu ya mahali na wakati. Kati ya 1972 na 1974, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, kisha likasubiri. Taarifa ya mwaka 1978 ilihusu 14 kati yao waliopata saratani hiyo. Ilibainika kwamba watoto waliokuwa na kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Bila jina na kijiji cha kila mtoto, damu hiyo isingesema lolote.

Vita vya 1979 na ghasia zilizofuata viliwafanya wakazi wengi wa West Nile, wa Koboko wakiwamo, wakimbilie Sudan na Zaire. Ufuatiliaji wa utulivu haukuwezekana tena.

4. Hitimisho

Koboko, iliyokuwa kaunti ya Arua hadi mwaka 2005, inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Mtu aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda aweza kutibiwa Arua, akaishi Koboko na kufanya biashara ng'ambo ya mpaka. Akiwekewa metali iliyotengenezwa na kujaribiwa kwingine, nani atajua baada ya miaka 15 kama imelegea? Jibu linahitaji daftari: jina la mgonjwa, tarehe, aina ya kipandikizi na tabaka lake, na maelezo anayoyaelewa mgonjwa mwenyewe, yakiwamo ya Kiswahili kinachosikika katika masoko ya miji hiyo.

Katika historia ya taya, watu wa West Nile walitoa damu, na sehemu kubwa ya maarifa yaliyopatikana ikahifadhiwa mbali nao. Katika historia ya vipandikizi inayoanza sasa, yafaa daftari libaki Arua na Koboko, na lisomwe na wanaohusika nalo.